Shukrani za Sivilla

Bondeni kwetu, ukiponywa na mtu wa kupuliza, mganga anayetibu kwa maneno na pumzi, humwambii asante. Humlipi, humuagi, humsindikizi hata hadi ngazini. Anapuliza, anaondoka, nawe unatazama pembeni kama mtu aliyedondosha sindano. Nimekua na kanuni hiyo na sikuwahi kuihoji, mimi ninayehoji kila kitu, mimi niliyetolewa nje ya ukumbi wa midahalo chuoni kwa kumkatiza mwamuzi. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu wa kuamini hovyo. Haya yalimpata shangazi yangu, Verna Reppert, dada wa baba yangu Luther, katika nyumba ya mawe ambako nimemaliza kila kiangazi cha maisha yangu. Nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Tulikaa kibarazani tukimenya mapichi ya kuweka kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi: shangazi, mimi, na jirani yetu Arlene Moyer, ambaye huja kusaidia na huondoka amekula mengi kuliko aliyomenya.

"Arlene, hilo lilikuwa la chupa," shangazi akasema.

"Limepondeka, Verna. Nimelionea huruma."

"Leo una huruma nyingi."

"Ndivyo nilivyoumbwa, mwenzangu. Nipe na lile pale."

Tulikuwa tukicheka tuliposikia sauti chini ya ngazi. Ilikuwa nyembamba na kavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Shangazi akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa mtoto wa paka, jike, rangi ya majivu, mwepesi kama soksi. Harufu yake ilitufikia kabla hatujamwona vizuri. Kamba ilikuwa imezama shingoni. Alifungwa akiwa mdogo zaidi, kisha akakua, na nyama ikaota juu ya kamba. Usaha ulikuwa umegandisha manyoya hadi kifuani. Nyuma ya shingo, ncha ya kamba ilining'inia, na kwenye ncha ile bado alikuwa akiburuta kipande cha gunia.

Sote tuliitazama ile kamba. Siku hizi bonde zima linafunga marobota ya nyasi kwa kamba ya plastiki ya rangi ya chungwa. Ni mmoja tu ambaye bado anatumia mkonge: Mzee Mahlon Hoch, ng'ambo ya barabara. Na Mzee Mahlon ndiye anayetupulizia. Vidonda, ukurutu, kichwa, homa za watoto. Mikono yake ndiyo hiyo hiyo.

"Anawatia kwenye gunia na kuwazamisha kijitoni," nikasema. "Huyu alifanikiwa kutoa kichwa."

Arlene akachukua pichi jingine. "Paka wa mabanda ni wengi mno, Corinna. Mtu lazima aifanye hiyo kazi."

"Mtu nani?"

"Mtu tu," akasema. Lile pichi halikufika mdomoni.

Daktari wa wanyama mjini alikuwa mwanamke kijana mwenye mkono mtulivu. Alimlaza kwa dawa, akakata kamba, akachomoa nyuzi moja moja kwa kibanio, akatuonyesha jeraha safi, jekundu, lililozunguka shingo nzima. "Nimetoa zote," akasema. "Nimekagua kwa lenzi ya kukuzia." Akatupa antibayotiki ya maji na bomba la kumdondoshea mdomoni, akatuambia tuoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, tusimfunge chochote kinachobana, na tukiona ufizi umepauka tusingoje, twende.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Alikuwa na jina tu la mtoto, Sivilla, jina la bibi yake, alilolihifadhi miaka yote kama shuka la wageni. Jioni ile alimpa paka jina hilo. Nilitaka kumtania, nikauona uso wake, nikameza utani wangu.

"Kila nilichokipenda kwenye nyumba hii nimekizika," aliniambia. "Huyu hafi, mwanangu. Umenisikia? Huyu hafi."

Tuligawana kazi. Mimi nashika, yeye anaosha. Unamzungushia taulo, miguu yote ndani, kichwa peke yake nje. Unamkumbatia kifuani ili asikie moyo wako. Na unavumilia harufu. Siku za mwanzo alipata nafuu. Alikula kuku wa kuchemsha aliyesagwa. Alianza kunguruma kwa raha kwenye kisanduku chake kando ya jiko. Shangazi alianza kuimba tena akiosha vyombo.

Halafu asubuhi moja harufu ikarudi.

Shangazi alipitisha shashi shingoni, nayo ikanasa kwenye kitu. Akavuta, polepole. Kikaja. Ulikuwa uzi wa mkonge, mrefu kama kidole, umelowa maji baridi.

Tulirudi kwa daktari. Alitoa nyingine tatu, akaziweka kwenye kisahani, akaziangalia kwa muda mrefu. Alibadilisha dawa. "Jeraha halioti kamba," akasema, na hakuwa akituambia sisi.

Kesho yake tukatoa mwingine. Keshokutwa tukatoa nyuzi mbili pamoja. Tulikuwa jikoni, mchana kweupe, redio ikisoma bei za maziwa, jua likiwaka kwenye chupa za mapichi. Nilikuwa nimeshika taulo. Shangazi alivuta, zikaja, na zilikuwa zimesokotwa. Vizuri. Kwa mkono wa mtu anayejua kusokota.

Mle ndani kulikuwa na kitu kinachosokota.

Sivilla akaacha kula. Ufizi ukawa mweupe kama karatasi. Daktari akasema kwa upole kwamba tumejitahidi sana, na kwamba kuna njia ya kumpumzisha bila maumivu. Shangazi akambeba akarudi naye nyumbani. Arlene akaja na pai ya molasi, akamtazama mnyama, akamtazama shangazi, akaweka pai chini.

"Mwite Mahlon," akanong'ona.

"Aliyemfunga ndiye aje amfungue?" nikauliza. "Hiyo ni hoja gani, Arlene?"

"Si hoja. Ni kupona."

"Na kesho atafunga wengine!"

"Corinna." Shangazi hakugeuka. "Shika taulo."

Nikashika taulo. Ningefanya nini? Nina majibu kwa kila mtu isipokuwa mgongo wa shangazi yangu.

"Ila midomo, jamani," Arlene akasema. "Chunga mdomo wako wewe hasa, binti wa Luther. Rufus wa kinuni alishukuru mara moja tu, aliponywa ukurutu, neno likamponyoka. Mahlon alijikuna hadi damu majira yote ya baridi. Anachokitoa kwako, ukimshukuru, unamrudishia."

"Kwa hiyo mganga mzima anaogopa adabu."



Mzee Mahlon alikuja baada ya kukamua ng'ombe, mrefu, kofia mkononi, mikono mikubwa inayonukia sabuni. Hakutusalimu; ndivyo inavyotakiwa. Aliketi mbele ya paka.

"Jina lake?"

"Sivilla," shangazi akasema.

"Hilo ni jina la mtu."

"Ndilo jina lake."

Akaguna. Akazungusha kidole gumba shingoni mwa paka bila kumgusa, midomo ikicheza, maneno hayasikiki. Akapuliza mara tatu. Kwenye pumzi ya tatu Sivilla akafumbua macho. Paka hutazama mkono unaomkaribia. Huyu hakutazama mkono. Alimtazama mzee kooni.

Mzee Mahlon akaziona zile nyuzi kwenye kisahani.

"Nani alimfunga huyu?"

"Unamjua," nikasema.

Akatabasamu, wala hakukasirika. "Mdomo huo ni wa baba yako mtupu. Paka ni paka, msichana. Magonjwa yenu mnaniletea, nayachukua. Paka wenu mnaniletea, nawachukua. Kuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nakosea?"

Nikamgeukia Arlene. Arlene alikuwa akisoma sakafu. Nikamgeukia shangazi. Alikuwa akikunja shashi, akaikunjua, akaikunja tena.

Mzee akaondoka. Tukatazama pembeni. Hakuna aliyeaga. Hakuna aliyeshukuru. Naapa.

Asubuhi jeraha lilikuwa limefunga. Hakukuwa na kigaga wala unyevu. Ilibaki pete nyeupe isiyo na unyoya, laini kama sehemu ya ndani ya ganda la yai. Shangazi alilia akicheka. Sivilla alikula kuku, akala samaki, akalamba na kisahani. Kisha akapanda dirishani, akaketi akitazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya Mzee Mahlon. Alikaa hapo siku nzima. Hakuwa akitazama ndege. Ndege walikuwepo.

Kuanzia siku iliyofuata akawa anatoka alfajiri. Sijui alipitia wapi. Madirisha yetu yana nyavu na mlango shangazi huufunga kwa komeo. Tukiamka tunamkuta kisandukuni, amejikunja, amelowa hadi tumboni.

"Anacheza kijitoni," shangazi akasema, akimkausha.

"Paka, shangazi?"

Akaendelea kumkausha masikio.

Nilikuwa nachukua barua kwenye sanduku la barabarani Mzee Mahlon aliponiita. Alikuwa amesimama upande wake, ameficha kitu kiganjani.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

Akafungua kiganja. Kilikuwa kitanzi cha mkonge, kimelowa, kimefungwa fundo lake lile la kuingiza ncha ndani, fundo ambalo bonde zima linalijua. Kilikuwa kidogo. Upana wa shingo ya kitu kidogo. Manyoya meusi yalinasa kwenye fundo.

"Kila asubuhi," akasema. "Ndani ya buti langu. Jana yalikuwa manyoya ya rangi ya chungwa. Juzi meupe. Kama ni utani wenu wa chuoni, uache."

"Mimi nimetaniwa zaidi kuliko nilivyotania, Mzee Mahlon. Si mimi."

Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Jua lilikuwa la utosini, lami inalainika, naye alikuwa amefunga leso shingoni, imebana mpaka kidevuni. Upepo ukageuka, ukaniletea harufu yake. Naijua harufu ile. Nimeikumbatia kifuani ndani ya taulo.

Nilirudi mbio, nikawasimulia. Arlene alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Verna," akanong'ona. "Paka humshukuruje mtu?"

Swali hilo hata mtoto wa bonde hili analijua. Paka akikupenda, hukuletea alichokamata. Panya, ndege, chochote. Hukiweka kwenye kiatu chako.

"Tulifunga midomo yetu," Arlene akasema. "Hatukumfunga paka."

Mzee Mahlon alikuja tena adhuhuri, siku ya mwisho ya joto lile. Alisimama nje ya mlango wa wavu. Mkono mmoja ulishika nguzo, mwingine ulishika gunia.

"Mlete, Verna."

Shangazi alikuwa na kisu cha mapichi. Hakukiinua. Alisimama tu mlangoni, mdogo, aproni imejaa madoa. "Hapana."

"Nitamfunga vizuri safari hii. Hatahisi."

"Nimesema huyu hafi."

"Basi mwambie aache!" Sauti haikutoka mdomoni. Ilitoka chini zaidi. Kisha mzee yule mrefu akaanza kulia, waziwazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. "Sikuwatafuta mimi. Mliniletea wenyewe. Arlene, sema. Verna. Sema uliniletea."

Arlene alikuwa amejibanza ukutani. Shangazi hakusema.

Nilihisi kitu kikipita kati ya miguu yangu. Mlango wa wavu ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeshika kitasa chake mimi mwenyewe. Na Sivilla alikuwa nje. Alikuwa kibarazani, mkia juu, mdomoni amebeba kitanzi kinachodondosha maji. Akakiweka juu ya buti la mzee. Akajisugua kifundoni mwake, upande huu, upande ule, kama wafanyavyo wakikupenda. Alinguruma kwa raha. Tuliisikia hadi ndani.

Mzee Mahlon akashika leso kwa mikono miwili. Akaivuta. Ikaanguka.

Shingo ilikuwa na mfereji. Unazunguka. Nyama ilikuwa imeota juu ya kitu. Na nyuma, alipogeuka, palining'inia ncha ya kamba.

Kwenye ncha palikuwa na kipande cha gunia.

Aliondoka bila kukimbia. Alishuka kuelekea kijitoni kwa mwendo wa mtu anayeenda kazini. Nilipiga simu, nikaita gari la wagonjwa, nikapiga kelele, nikamfuata. Nilimkuta ameketi ukingoni, juu ya mawe makavu, mgongo kwenye mti. Shati lake lilikuwa kavu. Buti zake zilikuwa kavu. Maji yalikuwa yakimtoka mdomoni, taratibu, na hayakukoma hata walipofika kumchukua.

Madaktari wakasema ni moyo. Sawa. Mimi sikuulizwa.

Kwenye mazishi bonde lote lilikuja na mapai. Wakasimama mmoja mmoja: alivyompuliza mtoto wa fulani, alivyozuia damu ya fulani. Mikono iliyobarikiwa, wakasema. Hakuna aliyetaja magunia. Hakuna! Watu wazima, wanaojua kila tone la maziwa lililomwagika bondeni tangu vita, na hakuna aliyekumbuka gunia hata moja. Walimpa wagonjwa wao na walimpa paka wao, wakarudi nyumbani mikono safi, wakamwachia yeye mikono ya kunawa. Nilitaka kusimama. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Baba akanishika goti.

Ndipo nikamwona Arlene. Aliketi mbele ya pai ambayo hakuigusa. Joto lilikuwa la kuyeyusha siagi mezani, naye alikuwa amevaa skafu.

Siku ya kurudi chuoni nilimkuta shangazi jikoni amempakata Sivilla. Chupa za mapichi zilipangwa rafuni, zinang'aa kama taa. Kando ya mlango, ndala zake zilikuwa zimepinduliwa ili zikauke. Chini yake palikuwa na kidimbwi.

"Shangazi. Uliwahi kumpelekea Mzee Mahlon gunia?"

"Kila mtu alimpelekea, mwanangu."

"Sijakuuliza kila mtu."

Alikuwa amevaa blauzi ya pamba, ile ya bustanini. Ameifunga hadi kifungo cha juu kabisa. Siku zote huiacha wazi.

"Basi tumwondoe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Tumpeleke mbali. Analipiza kisasi, shangazi, na wewe ndiye umemlea."

"Kisasi?" Akacheka kidogo, na kicheko kikakwaruza. Sivilla alikuwa akimlamba kifundo cha mkono, polepole, kwa mapenzi. "Hebu fikiri, wewe msomi. Nani aliyeosha lile jeraha, asubuhi na jioni? Nani aliyemlisha kwa kidole? Nani aliyesema Mahlon aitwe? Huyu ana adabu tu. Anashukuru kila mkono uliomponya." Akainama, akambusu kati ya masikio. "Nilisema hafi. Hakufa. Nenda, utachelewa."

 

Nikambusu shangazi shavuni. Nikasikia ile harufu. Sivilla aliacha kulamba, akainua kichwa, akanitazama. Hakunitazama machoni.

Nilikwenda mlangoni. Mwendo ulikuwa wa kawaida, nilijilazimisha. Nilijiambia yeye ndiye aliyeosha, yeye ndiye aliyemlisha. Mimi nilikuwa nashika taulo tu.

Nikaingiza mguu kwenye buti langu.

Lilikuwa na maji.